Sipiyu inachemka: usafishe, ubadili pesti, ununue kipozeo au uipunguzie kasi?

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikishika, meza yangu ya kazi hapa Ngamiani, Tanga, hujaa mashine za aina moja. Zinawaka, zinafanya kazi, ila zinachemka. Mwenye stesheni, yaani duka la kuchapa na kutoa kopi, analeta yake kwa sababu feni inanguruma mpaka yeye na wateja hawasikilizani. Kijana anayehariri video za harusi analeta yake kwa sababu inajizima katikati ya kutoa faili, na bibi harusi anasubiri flashi. Karibu wote wanauliza neno moja: "Fundi, nibadilishe nini?"

Majibu ya maana ni manne: kusafisha vumbi na kufungua njia ya upepo, kubadili pesti ya prosesa, kununua kipozeo kipya, au kuipunguzia prosesa kasi. Kila moja lina mahali pake. Nimewahi kuona mtu akitoa hela ya kipozeo kumbe pini moja tu ya plastiki haikuingia. Nimeona pia mashine inayopulizwa vumbi kila mwezi huku pesti yake imekauka kama chokaa.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Mtaani "sipiyu" ni boksi zima, na hata mimi nikiwa dukani nasema hivyo hivyo. Hapa boksi nitaliita kasha, na chipu yenyewe inayofanya hesabu nitaiita prosesa. Kipozeo ni kile kipande cha alumini au shaba chenye mapezi, pamoja na feni yake, kilichokaa juu ya prosesa. Pesti ni ile krimu inayopakwa kati ya hivyo viwili.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia nitaiuliza mambo manne. Inatibu dalili ipi? Inagharimu kiasi gani ikilinganishwa na nyingine? Ukikosea utaharibu nini? Na itadumu muda gani kwenye hewa yetu hii ya bahari, yenye unyevu na chumvi?

Lakini dalili lazima uijue kabla, na dalili hupimwa. Pakua HWiNFO au Core Temp, programu za kusoma joto la prosesa, zote za bure. Fungua Task Manager uone kama prosesa kweli imetulia. Ukikuta inatumika asilimia 60 wakati hufanyi chochote, tatizo lako ni programu inayokula nguvu kichinichini, pengine hata kirusi, na hakuna pesti itakayolitibu hilo. Ikiwa imetulia, iache dakika kumi, andika joto lake. Kisha ipe kazi nzito ya kore zote, yaani vile viini vya hesabu vilivyomo ndani ya prosesa, kwa mfano kugeuza video ndefu au kile kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip, programu ya kubana faili, ukae uitazame.

Usitazame namba inaishia wapi tu. Tazama inapandaje, maana siri yote iko hapo. Ikiruka kutoka 45 hadi 90 ndani ya sekunde chache, na ukisimamisha kazi ikaporomoka papo hapo, joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo. Huo ni ubovu wa mgusano: pesti au mkandamizo. Ikipanda polepole kwa dakika kumi nzima na ikachelewa kushuka, joto linavuka vizuri ila upepo hauliondoi: vumbi, feni au kasha lenyewe. Thibitisha kwa mkono. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, gusa mapezi kwa tahadhari. Programu ilikuwa inasoma 95 na mapezi ni ya uvuguvugu tu? Mgusano. Mapezi yanaunguza? Upepo.

Kuhusu kore kutolingana, wengi huhangaika bure. Kore moja kuwa 71 na jirani yake 64 ni kawaida. Ya katikati huzungukwa na wenzake, ya pembeni hupumua. Tena vihisi vya Intel vimetengenezwa viwe sahihi zaidi karibu na kikomo cha joto, si mashine ikiwa imepoa, kwa hiyo tofauti unayoiona ikiwa haina kazi haina uzito. Anza kushuku tofauti ikipita nyuzi 15 huku kore zote zikibeba kazi sawa.

Halafu kuna hewa ya chumba. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Mtu wa Ulaya akiandika kwamba yake iko 60, chumba chake huenda kiko 20. Chumba cha Tanga mchana wa Februari kikiwa 32, mashine ile ile kwa kazi ile ile itasoma kama 72, na si mbovu. Ipeleke Lushoto mwezi wa Julai itakusomea namba za kukufurahisha bila kuguswa. Kwa hapa kwetu, chini ya 80 kwenye kazi nzito mimi silali macho. Ikikaa 90 na kuendelea natafuta sababu. Prosesa nyingi za Intel hufika kikomo karibu na nyuzi 100, na hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ukiona kasi inashuka chini ya ile ya msingi iliyoandikwa na kiwanda wakati kazi ni nzito, umefika huko.

Wenye AMD wana mambo yao mawili. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 hutoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, na programu ya zamani itakuonyesha hiyo namba ya juu. Na Ryzen 7000 za mwaka 2022 zimetengenezwa zifike 95 kwenye kazi nzito na zikae hapo. Ukiwa nayo na inasoma 95 wakati wa kugeuza video, hujavunja kitu.

Kusafisha na kufungua njia ya upepo

Hii inatibu joto linalopanda polepole, feni inayonguruma muda wote, na kasha ambalo ukilifungua ubavu namba inashuka. Ni ya bei ya chini kuliko zote, na mara nyingi ni bure ukiwa na brashi laini na subira.

Vumbi la Tanga si sawa na la Dodoma. La kule ni kavu, linapulizika. Letu linachanganyika na unyevu na chumvi, linashikana kwenye mapezi kama kipande cha blanketi. Ukipuliza tu, upepo unapita juu yake. Inabidi feni itoke, ulibandue kwa brashi, ndipo upulize. Kwa walio karibu na maji, upande wa Raskazone, utakuta pia unga mweupe kwenye alumini. Hiyo ni kutu ya alumini. Ikikusanyika katikati ya mapezi inaziba kama vumbi.

Hatari iko kwenye kompresa. Wengi wanapeleka kasha kwa fundi pikipiki lipulizwe. Hewa yetu ina maji mengi, na maji hayo hujikusanya ndani ya tangi la kompresa. Kitakachotoka mwanzo ni mvuke na matone, moja kwa moja kwenye madabodi. Tumia blowa ya umeme. Na unapopuliza, zuia feni kwa kidole au kwa kalamu isizunguke, maana ikikimbizwa kupita kasi yake beringi huumia, na mota yake inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Angalia pia kile kitambaa. Najua tunafunika kompyuta kwa upendo, kitenge kizuri kimepigwa nakshi, na kufunika mashine iliyozimwa ni jambo jema kabisa. Lakini ikiwaka kitoke chote, nyuma na mbele. Na kasha likiwa ndani ya kabati la kaunta lisilo na mgongo wazi, linavuta hewa lililokwisha kuitoa. Kulisogeza nje tu kunaweza kukamilisha matibabu.

Kudumu: miezi mitatu hadi sita, kutegemea umekaa wapi. Inamfaa kila mtu, hata asiyewahi kushika bisibisi, na hata ukiamua njia nyingine yoyote kati ya hizi utapita hapa kwanza.

Kubadili pesti na kurekebisha mkandamizo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko watu wanakofika wakiwa wamekata tamaa.

Mama mmoja wa stesheni kutoka Makorora aliniletea mashine yake msimu uliopita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hii sipiyu nimeisafishisha mara tatu, na bado inalia kama jenereta." Nikaipima mbele yake: 94 ndani ya sekunde sita, na kore mbili za upande mmoja zinawazidi wenzao kwa nyuzi 17. Mapezi ya kipozeo, baridi. Nikalala chini nikachungulia ubavuni: kati ya zile pini nne za plastiki zinazoshika kipozeo cha Intel, moja imeelea. Aliyeifungua kabla yangu hakuiona. Kipozeo kimekaa kimeinama, kinagusa upande mmoja na upande mwingine kina hewa. Nikasafisha, nikaweka pesti mpya, nikazibana pini kwa mshazari mpaka kila moja ikasema "tak". Ikashuka hadi 71. Mama akakaa kimya akisikiliza kimya chenyewe.

Kwa hiyo njia hii inatibu mambo mawili yanayofanana kwa nje: pesti iliyokauka, na kipozeo kisichobana sawasawa. Joto linaruka ghafla, kore hazilingani, mapezi hayana moto. Kazi ya pesti ni kujaza vishimo vidogo visivyoonekana kati ya vyuma viwili, kwa sababu hewa hupitisha joto vibaya mno. Kompyuta za mtumba za ofisini tunazozipata kwa wingi, kama OptiPlex 7010 au EliteDesk 800 G1, zina umri wa miaka kumi na zaidi, na nyingi zinatufikia zikiwa na pesti ya kiwandani.

Gharama ni ndogo: bomba moja la pesti linatosha mashine kadhaa, pamoja na spiriti na karatasi laini. Kiasi ni punje ya choroko katikati ya prosesa. Ukijaza kama siagi kwenye mkate hutapata ubaridi zaidi, utapata uchafu pembeni. Nawasihi, dawa ya meno na Vaseline si mbadala. Dawa ya meno ina maji. Siku za mwanzo itaonekana inafanya kazi, kisha maji yakauke ubaki na unga. Ile ya metali ya maji nayo iache: ina galiamu, inapitisha umeme, na inakula alumini.

Hatari hapa ni kubwa kuliko kwenye kusafisha. Kwenye Intel za mezani za miaka hii, vipini vyembamba viko kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi, na kidole kimoja kinatosha kuvipindisha. Kwenye Ryzen za soketi ya AM4 vipini viko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyogandamana huing'oa prosesa pamoja na kipozeo. Iwashe dakika kumi ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha kizungushe kipozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Usikivute juu moja kwa moja.

Kuna joto ambalo njia hii haitalifikia. Prosesa ina mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko kuna tabaka jingine. Intel za kizazi cha pili, mwaka 2011, zililehemiwa hapo ndani kwa metali laini iitwayo indiamu. Kuanzia kizazi cha tatu, mwaka 2012, zile za kawaida zikapewa pesti, na kulehemu kukarudi kwenye baadhi ya za kizazi cha tisa mwaka 2018. Ikiwa una ya tatu au ya nne, umebadili pesti vizuri, pini zimebana, na bado kore moja inawazidi wenzake, huenda ni ile pesti ya ndani. Wapo wanaobandua mfuniko. Kwa prosesa ya kazi siwashauri. Na wenye kizazi cha kumi na mbili cha mwaka 2021 hadi cha kumi na nne, soketi yao ya LGA1700 inaweza kuipinda prosesa kidogo katikati, na kuna fremu maalumu ya kubadilisha kibanio; huleta nafuu ya nyuzi chache, si muujiza.

Kudumu: pesti nzuri hukaa miaka mitatu minne bila neno. Inamfaa anayefungua mashine bila kutetemeka, au mwenye fundi anayekubali kupima kabla na baada, mteja akiona.

Kununua kipozeo kipya

Inatibu pale ambapo kila kitu ni kisafi, pesti ni mpya, mapezi yanaunguza na feni imefika mwisho wa nguvu zake. Yaani kipozeo ni kidogo kwa kazi unayoipa prosesa. Hutokea sana kwa wahariri wa video na wachezaji gemu, mara chache sana stesheni.

Ndiyo ghali kuliko zote nne, na mara nyingi utaagiza Dar es Salaam. Kabla hujatuma hela pima mambo mawili. Urefu: kipozeo cha mnara kama Hyper 212 kina karibu milimita 159, wakati kasha jembamba la ofisini lina upana wa milimita 93 hivi. Hakiingii. Na matundu: soketi za LGA1155, 1150, 1151 na 1200 zina nafasi moja ya milimita 75 kati ya tundu na tundu, lakini LGA1700 ni 78, hivyo kipozeo cha zamani hakikai bila vibanio vyake. Mashine za ofisini pia huwa na plagi ya feni ya aina yao wenyewe, na zisipoiona feni waliyoizoea hukuletea onyo kila unapowasha. Zile koa za plastiki zinazoelekeza upepo kutoka mbele usizitupe. Watu huzing'oa wakidhani zinazuia.

Kabla ya kipozeo kizima, fikiria feni peke yake. Ikiwa mapezi ni mazima na feni inakwaruza, tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi linaweza kukuvusha wiki kadhaa huku ukitafuta feni mpya yenye plagi ya pini nne na kipimo kile kile.

Hatari ni kukosea kufunga, yaani unarudi kwenye ule ule ubovu wa mgusano. Kudumu ni miaka mingi kwa mapezi. Feni ndiyo itakayokufa mapema kwa chumvi. Kinamfaa mwenye kasha pana na kazi nzito ya kila siku.

Vipozeo vya maji nitavitaja kwa ufupi tu. Vinafanya kazi, ila pampu ikifa hakuna kinachoipoza mashine, na kupata kipuri hapa mjini ni safari. Kwa ukubwa ule ule wa hela, mnara wa hewa ni rahisi kuutunza.

Kuipunguzia prosesa kasi

Watu huidharau njia hii kwa sababu haina kitu cha kushika mkononi. Mimi naiheshimu. Nguvu inayogeuka joto hukua kwa mraba wa volteji, na turbo, ile hali ya prosesa kujiongezea kasi kupita ya msingi, hupandisha volteji ili kupata kasi kidogo ya ziada. Ukiikata turbo unapoteza kidogo, unaokoa joto jingi.

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa kiweke 99 badala ya 100. Kwenye Intel nyingi turbo huzimika hapo hapo. Core i5-3470 itabaki na gigahezi 3.2 badala ya kufika 3.6. Anayechapa barua na kutoa kopi hataona tofauti. Anayegeuza video ya saa mbili ataiona kwenye saa. Kwenye mashine za kujiunganishia mwenyewe unaweza kushusha volteji kidogo kidogo ndani ya bayosi, ile mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kubaki na kasi yote. Za ofisini bayosi yake kwa kawaida haikupi nafasi hiyo. Ryzen mpya zina hali ya kuweka akiba ya umeme inayofanya kazi nzuri sana.

Inatibu joto la kweli linalotokana na kazi au na hali ya hewa. Haitibu pini iliyoelea, itaificha tu. Gharama sifuri, hatari karibu hakuna, na kinachofanywa kwenye Windows unakirudisha kwa dakika moja. Kuhusu kudumu, hewa ya bahari haina la kufanya hapa. Inamfaa asiye na hela leo, na yule anayetaka kuvuka kaskazi tu mpaka kusi ianze kuvuma mwezi wa Aprili.

Kwa hali yako

Una stesheni au ofisi ndogo, kompyuta ya mtumba, feni inalia: safisha, toa kasha kabatini, pima. Ikiruka ghafla, nenda kwenye pesti na pini. Kipozeo kipya huenda usikihitaji kamwe.

Unahariri video au unacheza gemu, kasha pana: safi na pesti kwanza, kwa sababu utavihitaji hata ukinunua kipozeo. Ikibaki juu ya 90 na mapezi yanaunguza, hapo hela ya mnara ina kazi. Ikiwa kasha lako ni jembamba, kata turbo wakati wa kazi ndefu, na fikiria kuhamia kasha na bodi nyingine badala ya kulazimisha.

Maabara ya shule yenye mashine ishirini: anzeni zote kwa mpangilio wa asilimia 99, siku moja bila kufungua hata skrubu. Likizoni zifunguliwe moja moja zisafishwe, na pesti wapewe zile tu zilizoonyesha kuruka.

Kore hazilingani ila hakuna inayopita 80: ziache.

Mashine inajizima ghafla na namba ilikuwa 60 tu: funga kipimo cha joto, shika pawa saplai. Hapo joto la prosesa halihusiki.